Halina

Mama yangu anaitwa Halina.
Siku ile nilikaa nyuma, miaka kumi na miwili,
taa nane za makaburi nimezibana mapajani,
kila moja na kifuniko chake cha bati.
Tarehe mosi Novemba, Łomża yote imo barabarani,
kila ukoo unakwenda kuwatazama wafu wake.
Mvua nyembamba. Majani yaliyoanguka
yameweka utelezi kama mlenda.

Ile Skoda tuliinunua Machi
kwa Bwana Walenty, mwalimu mstaafu wa kinanda.
Alipangusa dashibodi kwa leso yake mwenyewe,
akampa Mama funguo,
na hati zote ndani ya mfuko wa plastiki,
akasema: bima imo.

Ikawa imo.
Mama aliichukulia kama tairi la akiba:
lipo tu chini ya buti,
hata usipolikagua.

Foleni ilisimama. Mama akakanyaga breki.
Skoda haikusikia.
Haukuwa mshindo mkubwa, ni kama jirani kaangusha sufuria,
ila buti la Opel nyekundu lilifunguka lenyewe
likatapika vyungu vya krisanthemu,
manjano, nyeupe, zambarau,
vikabiringika hadi mtaroni.
Taa yangu moja ilipasuka.

Akashuka Bwana Bogusz, kofia mkononi.
"Kuna aliyeumia?" Hakuna.
"Basi bima italipa," alisema,
na Mama akaitikia, "Bima italipa,"
kama watu wawili wanaomaliza sala.
Mzee akatoa chupa ya chai,
akammiminia Mama katika kikombe chake cha pekee.
Mama alicheka! Nakumbuka alicheka,
maua ya watu yamelala matopeni
naye anapuliza chai.

Askari alikuwa msichana, mashavu mekundu kwa baridi.
Alibonyeza kishikwambi chake, akabonyeza tena,
akakifuta mvua kwa mkono wa koti,
akamgeuzia Mama kioo aone mwenyewe.
Bima ya mwalimu ilikuja na gari,
ikaishi nasi miezi yake iliyobaki,
ikaondoka bila kuaga.

Gari halina bima.
Gari, Halina, halina.
Jina la mama yangu likawa jibu la swali.

Husemwa ajali haina kinga.
Yetu ilikuwa nayo,
ila iliisha Jumanne, siku kumi na moja nyuma.

Bwana Bogusz hakufoka.
Alinyoosha mkono tu,
akaomba kikombe chake.

Deni lilikuja baadaye, kwa barua:
mfuko wa taifa umemlipa mzee,
sasa wewe ulipe mfuko,
na faini juu yake.
Miaka mitatu kila tarehe kumi
Mama alihesabu noti mezani mara mbili,
na viatu vyangu vikaenda kwa fundi
badala ya kwenda jalalani.
Ule mfuko wa plastiki tuliukuta jikoni,
tulikuwa tunawekea vibanio vya nguo.
Juu yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu
aliyezoea kuandika noti za muziki:
hadi 21 Oktoba. Kapigia mstari mara mbili.
Mama, aliyekuwa ameshaandaa matusi ya kumpigia simu mwalimu,
aliyameza yote.

Lakini jioni ile yenyewe
gari lilikokotwa, nasi tukaenda kwa miguu,
taa saba, viatu vinafyonza maji.
Makaburi yalikuwa yanawaka yote, mekundu na meupe,
watu wananong'ona kama wako sebuleni kwa wageni.
Mama akapiga magoti kwa Babu,
akawasha ya kwanza, kisha akaigeuza kidogo
asome maandishi ya kifuniko,
kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.
"Saa sitini," alisema.
Akahesabu kwa vidole vyeusi kwa masizi,
Jumapili, Jumatatu.
"Itazimika Jumanne alfajiri," akamwambia Babu,
taratibu, kama mtu anayetoa taarifa mapema.